Tarehe ni ahadi: kalenda ya kutoa programu yetu ya masanduku

Maneno haya yalisemwa na komite ya kompyuta mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu vikundi vya mbali viliomba kuyasoma, na wafadhili wetu pia.

 

Mzee mwenyekiti ametupa nusu saa, na ametuomba tusiongee lugha ya mashine. Tutajaribu. Tumekuja na jambo moja tu: programu yetu ya vitabu vya masanduku inatoka lini, na nani anaamua. Mwisho tutawaomba mkubali kitu ambacho wengine hamtakipenda. Tunakitaja sasa hivi, isionekane tumekificha nyuma ya hotuba. Ile sehemu ya mikopo ya sanduku la kijani, mliyoahidiwa kwa mwezi wa saba, haitakuwa ndani ya toleo la mwezi wa saba. Itangoja mwezi wa kwanza. Tunasikia mnavyonung'unika. Tunaomba mtusikilize kwanza.

Ile siku ya mgawanyo

Tuanze na kosa letu wenyewe, juu bila lile kosa hakuna mtu angetuuliza habari ya tarehe.

Kwa faida ya wageni: vikundi vyetu vinafuata mpango wa MUSO, unaojulikana sana hapa Kivu. Kila kikundi kina masanduku matatu. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo. Sanduku jekundu ni la kusaidiana: ugonjwa, kifo, nyumba kuungua. Pesa ya sanduku jekundu hairudishwi, ni msaada. Sanduku la buluu ni la pesa zinazotoka nje, kama hizi zenu. Programu yetu inaandika kotizasio na matumizi ya masanduku yote matatu, na mwisho wa mwaka inaonyesha kila mtu anapata nini kwenye mgawanyo.

Mwaka ule tuliwaambia: toleo jipya litatoka mwezi wa sita. Mwezi wa sita ukafika, mambo matatu yalikuwa tayari, la nne bado. Tukasema, tungoje kidogo, tutoe yote pamoja. Mwezi wa nane la nne likaisha, lakini wakati tunangoja, watu walikuwa wameleta la tano na la sita. Tukangoja tena. Kila aliyeuliza "Itatoka lini?" tulimjibu "Ikiwa tayari." Tukafika mwezi wa kumi na mbili. Watunza hesabu wakatubana: mgawanyo ni Jumamosi, tunataka programu mpya. Tukaitoa Alhamisi usiku. Ile ya zamani tukaifuta kwenye kompyuta, tukidhani tunasafisha.

Jumamosi mnaikumbuka. Kati ya mabadiliko ya wiki ya mwisho kulikuwa moja dogo, ambalo lilihamisha pesa za msaada wa sanduku jekundu na kuziweka kwenye safu ya mikopo. Hakuna mtu aliyelijaribu na vitabu vya kweli. Mtunza hesabu akaanza kusoma majina ya wadeni, jinsi mashine ilivyomwonyesha. Akasoma jina la mama mmoja ambaye tulizika mume wake mwezi wa tisa. Pesa tulizompa kwa maziko, mashine ilimwandikia deni. Yule mama akasimama mbele ya watu wote, akasema: "Mimi sikukopa. Mlinipa." Akatoka.

Kilichotuokoa siku ile ni kaye ya karatasi. Tulikaa mpaka usiku tukihesabu upya kwa kalamu. Jioni ileile tulikwenda kwake kumwomba msamaha, na baada ya Noeli tukarudi tena pamoja na mwenyekiti. Ametusamehe. Lakini vikundi viwili viliacha kompyuta na kurudia kaye, na kimoja hadi leo hakijarudi. Hatuwalaumu. Mtu aliyekwisha kuwa mkimbizi anajua maana ya jina lake kuandikwa vibaya kwenye orodha.

Kosa lilikuwa wapi

Wengine mlisema vijana walikuwa wavivu. Hapana. Walitumika sana, wengine usiku. Wengine mlisema kompyuta si kitu cha kuamini. Nayo siyo. Tulikaa chini tukatafuta, na tulichokuta ni kwamba hatukuwa na siku.

Bila siku, mambo matatu hutokea. La kwanza, mzigo unakua. Ukingoja jambo la nne, la tano linakuja. Mambo sita yanayotoka pamoja ni magumu kuyapima kuliko mambo matatu, juu kila moja linaweza kugusana na lingine. La pili, watu wanasukumana. Yule anayejua kwamba toleo lijalo halina tarehe atataka kazi yake iingie hili hapa, hata ikiwa mbichi, maana nani ajue lijalo ni mwaka gani? La tatu, mwisho wake haja ndiyo inayochagua siku. Haja inachagua vibaya. Ilituchagulia siku mbili kabla ya mgawanyo.

Sisi tuliokaa Lugufu na Nyarugusu tulipaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Kumbukeni safari za kurudi za HCR, zilizoanza mwezi wa kumi 2005, meli Mwongozo ikivuka kutoka Kigoma hadi hapa. Mlikuwa na orodha, mlikuwa na kupimwa afya, na mlikuwa na siku. Mtoto akikutwa na homa, familia ile inabaki. Iliuma, lakini hawakulia kama watu waliotupwa, juu walijua kuna safari nyingine. Na meli haikungoja bandarini homa ya mtoto mmoja ipone huku mamia wamekaa juu ya mizigo yao. Sasa fikirini meli isiyojulikana itarudi lini. Hapo kila mtu angepanda kwa nguvu, mwenye homa na mzima.

Njo maana tunasema: siku ibaki palepale, mzigo ndio ubadilike. Kilicho tayari kinapanda. Kisicho tayari kinangoja safari ijayo, na safari ijayo ina tarehe.

Wengine walipita njia hii kabla yetu

Hatukubuni kitu. Programu yetu ni huria, yaani maandishi yake ya ndani yako wazi, kila mtu anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyapa wengine bure. Dunia ina programu nyingi za namna hii, na zile kubwa zilikwisha kuumia pale tulipoumia.

Kuna mradi unaitwa Debian, ulioanza 1993. Ni watu wa kujitolea wa nchi nyingi wanaokusanya maelfu ya programu ziwe mfumo mmoja wa kompyuta. Zamani desturi yao ilikuwa kama jibu letu: ikiwa tayari. Toleo lao la 3.0 lilitoka mwezi wa saba 2002. Lililofuata, 3.1, lilitoka mwezi wa sita 2005. Karibu miaka mitatu! Wakati ule kompyuta mpya zilikuwa zimeingia sokoni, na toleo la zamani halikuzijua vizuri. Leo Debian bado hawatoi kitu kibovu ili tu kutimiza siku, lakini wanatangaza mapema tarehe ya kufunga milango, na matoleo yao yanakuja karibu kila baada ya miaka miwili.

Kiini cha Linux, kile alichoanzisha Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, nacho kilipita hapo. Toleo la 2.4 lilitoka mwezi wa kwanza 2001, na 2.6 likatoka mwezi wa kumi na mbili 2003. Katikati, kampuni zilizokitumia zilichoka kungoja, zikawa zinachota mambo mapya zenyewe na kuyabandika kwenye toleo la zamani, kila moja kwa njia yake. Leo wanafanya hivi: kwa wiki mbili mlango uko wazi, mambo mapya yanaingia. Kisha mlango unafungwa. Kila wiki linatoka toleo la majaribio, na kinachoingia ni marekebisho tu. Baada ya majaribio saba au nane, toleo la kweli linatoka. Mzunguko wote ni wiki tisa au kumi. Aliyechelewa hapigani na mtu, anangoja mlango ufunguliwe tena.

Ubuntu walianza na tarehe tangu siku ya kwanza. Toleo lao la kwanza lilitoka mwezi wa kumi 2004, na namba yake ni 4.10: mwaka wa nne, mwezi wa kumi. Tangu hapo wanatoa mwezi wa nne na mwezi wa kumi. Mara moja waliahirisha: toleo la mwezi wa nne 2006 lilitoka mwezi wa sita, likaitwa 6.06. Ona walivyofanya. Lile toleo lilikuwa la kutunzwa kwa miaka mingi, ofisi na shule zingelitegemea, kwa hiyo walitangaza mapema kwamba wanaongeza wiki sita, wakasema za nini, na wakatoa. Kuahirisha mara moja kwa sababu inayojulikana, na kwa siku mpya inayojulikana, si sawa na kusema "bado kidogo" kila mwezi.

Kuna mtu anaitwa Martin Michlmayr, aliyewahi kuchaguliwa kuwa kiongozi wa Debian. Baadaye alisomea jambo hili hasa, akaandika kitabu chake cha udaktari huko Cambridge mwaka 2007. Hoja yake moja inatugusa sana. Watu wa kujitolea wametawanyika, hawana bosi mmoja, hawaonani. Wakijua tarehe, kila mmoja anaweza kupanga kazi yake bila kuuliza wengine. Kalenda inafanya kazi ya mikutano mingi.

Hilo ndilo letu kabisa. Kijana anayeandika sehemu kubwa ya programu yetu alikulia Nyarugusu, sasa yuko Marekani, anatumika usiku kwenye ghala na anatuandikia Jumapili. Mwingine yuko Kigoma. Wawili wako hapa Baraka. Anayetafsiri maneno kwa Kibembe ni mwalimu, anapata nafasi wakati wa likizo tu. Tukisema "ikiwa tayari", hakuna hata mmoja anayejua Jumapili ipi ni ya lazima. Tukisema "mlango unafungwa tarehe moja mwezi wa sita", kila mtu anajua, Marekani na hapa.

Lakini mwendo wa haraka nao una madhara

Msidhani tunasema: toeni upesi upesi. Mnamo 2011 watengenezaji wa Firefox, ile ya kufungulia intaneti, waliacha kungoja muda mrefu wakaanza kutoa toleo jipya kila wiki sita. Shule na ofisi zikalalamika: hatujamaliza kulipima hili, tayari lingine limekuja. Mwaka uliofuata, 2012, wakawatengenezea njia ya pili, toleo linalokaa muda mrefu likipata marekebisho tu.

Sisi pia tuko na watu wa aina mbili. Kikundi cha hapa mjini kina umeme wa jua, kina mega za intaneti, na vijana wawili wanaojua. Kikundi cha Ubwari kinapokea programu kwa flashi iliyovuka kwa boti, na mtunza hesabu wao amejifunza kwa shida namna ya kufungua ile iliyopo. Ukimbadilishia kila miezi sita unamsumbua. Kwa hiyo toleo la mwezi wa kwanza tutalitunza mwaka mzima. Anayetaka kubadilisha mara moja kwa mwaka abadilishe hilo, na asionekane amebaki nyuma.

Kalenda yenyewe

Sasa tuje kwenye miezi. Hatukuichagua kwa kuangalia kompyuta. Tuliangalia maisha yenu.

Mwezi wa tisa hapana: shule zinafunguliwa, kila mtu anatafuta pesa ya watoto, na watu wanaanza kulima. Mwezi wa pili na wa tatu hapana: watu wako shambani tena. Mwezi wa kumi na mbili hapana kabisa, mnajua kwa nini. Ikabaki mwisho wa mwezi wa kwanza, mgawanyo umepita na mashamba bado, na mwisho wa mwezi wa saba, kiangazi, barabara zinapitika, kabla ya mambo ya shule. Kutoka moja hadi nyingine ni miezi sita sawasawa. Basi, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kwanza, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba.

Tuwaonyeshe mzunguko mmoja, ule wa mwezi wa kwanza.

Kuanzia mwezi wa nane mpaka mwezi wa kumi na moja mlango uko wazi. Mnaleta maombi, vijana wanaandika. Maombi tunayapanga mafungu matatu: ya lazima, ya tukiweza, na ya safari ijayo. Orodha inabandikwa ofisini, kila mtu aione.

Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mlango unafungwa. Hakuna jambo jipya tena, ni marekebisho tu. Hata maneno ya kwenye kioo hayabadilishwi, kusudi watafsiri wa Kifaransa na Kibembe wasikimbizane na maneno yanayohama. Na mwezi huo watunza hesabu wanafanya mgawanyo kwa toleo la zamani wanalolijua. Hatuwagusi.

Mwezi wa kwanza ni wa kujaribu. Hapa kuna faida ambayo hatukuiona mwanzoni: mgawanyo umekwisha, hesabu zimekwisha kusomwa na kukubaliwa mbele ya watu, ziko kwenye kaye. Vikundi vitatu vinatupa nakala ya vitabu vyao, tunaviingiza kwenye toleo la majaribio, na jibu la mashine lazima lifanane na jibu la kaye mpaka franka ya mwisho. Lisipofanana, kuna kosa, tunalitafuta. Jambo jipya likikataa kupona wiki moja kabla ya siku, tunalitoa, linangoja mwezi wa saba. Hatutoi siku, tunatoa lile jambo.

Jumamosi ya mwisho toleo linatoka, lina namba ya mwaka na mwezi kama ya Ubuntu. Ukiangalia kioo unajua programu yako ina umri gani. Flashi zinapakiwa, pikipiki na boti zinaondoka. Na toleo la zamani linabaki ndani ya kompyuta mpaka toleo lingine lije. Ukiona jambo hulielewi, unafungua la zamani na kazi inaendelea. Tarehe haina maana kama hakuna njia ya kurudi nyuma.

Kuna kitu kimoja kisichongoja kalenda: tundu la usalama, au kosa la kuhesabu pesa. Mwezi wa nne 2014 lilitangazwa tundu katika OpenSSL, programu huria inayofunga siri za tovuti nyingi sana duniani. Watu waliliita Heartbleed. Hakuna aliyesema tungoje mwezi wa kumi. Dawa ilitoka siku ileile lilipotangazwa. Nasi tutafanya hivyo, kwa sharti moja: marekebisho ya haraka yatoke peke yake. Yasibebe jambo jipya mgongoni. Haraka na upya, vikienda pamoja, vinarudisha ile Jumamosi.

Nani anasema hapana

Kalenda bila mtu wa kuilinda ni karatasi. Debian wana kundi la watu ambao kazi yao ni toleo lenyewe, wana haki ya kukataa kitu kisiingie. Sisi tumemchagua mama mmoja kati ya watunza hesabu awe mshika kalenda. Haandiki programu, na ni kwa makusudi. Aliyeandika kitu anakipenda, hawezi kukiambia "baki". Yeye anatuuliza maswali mawili tu: "Nani amekijaribu? Na vitabu vya nani?" Tukikosa jibu, kinabaki. Vijana walinuna mwanzoni. Mmoja alimwambia, "Mama, ni mistari mitano tu!" Akajibu, "Ile ya mwaka ule ilikuwa mistari mingapi?" Kijana akanyamaza. Ilikuwa mitatu.

Tunayowaomba wafadhili

Tuseme kwa heshima, juu mmetusaidia sana. Mfadhili mmoja, hatumtaji, aliandika katika mpango wake: sehemu ya mikopo iwe imetoka kabla ripoti haijafungwa. Tunaelewa. Ripoti yenu iko na siku yake, na ofisi zenu zina wakubwa wanaouliza. Lakini jambo fulani na siku fulani, vyote viwili vikifungwa pamoja, kuna kitu cha tatu kitakachoachia, nacho ni kujaribu. Ndicho kinachoachia siku zote, juu hakionekani kwenye ripoti.

Tunaomba mtupime kwa namna nyingine. Je, toleo limetoka Jumamosi iliyotajwa? Je, hesabu zake zimefanana na kaye za vikundi vitatu? Je, vikundi vya mbali vimelipata? Hayo tunaweza kuwaahidi na mnaweza kuja kuyahesabu. Na kama mko na pesa kidogo ya kuongeza, msiiweke yote kwa anayeandika programu. Wekeni kwa wanaoijaribu: mega, mafuta ya pikipiki, betri ya umeme wa jua, na chakula cha mtunza hesabu aliyeacha soko lake siku mbili ili kulinganisha mistari.

Tunayowaomba wanachama

Sasa turudi kwenye sehemu ya mikopo. Iko wapi? Imeandikwa, na kwa mikopo ya mwezi mmoja inahesabu vizuri. Lakini mtu akilipa nusu, halafu akaongezewa muda, riba inatoka mara moja sawa na mara nyingine si sawa. Tulijaribu na vitabu vya vikundi viwili. Kimoja kilifanana, kimoja hapana. Mlango wa mwezi wa sita umefungwa ikiwa hivyo. Mshika kalenda ameuliza maswali yake mawili, na jibu letu halikutosha.

Tunajua mnalipa nini kwa kungoja. Ni miezi sita mingine ya kuhesabu riba kwa kalamu. Mama wa sanduku la kijani kule milimani ametuambia macho yake yamechoka, na taa ni ile ya telefone. Hatuwezi kusema si kitu. Tutafanya haya mawili: tumetengeneza karatasi ya hesabu kwenye LibreOffice, ya kulinganisha riba tu, haigusi vitabu, na vijana wawili watapita kwenye kila kikundi mwisho wa mwezi kusaidia kuhesabu. Ni dawa ya maumivu, haiponyi ugonjwa, lakini hakuna atakayesomwa mdeni kwa kosa letu.

Kisha kuna ombi lingine dogo. Acheni kutuuliza "Itatoka lini?" Siku mnaijua. Tuulizeni "Nini kitakuwa ndani?" Mpaka mlango ufungwe jibu linaweza kubadilika, baada ya hapo litakuwa kwenye karatasi pale ofisini. Na tukipitisha Jumamosi ile bila toleo na bila kuwaambia mapema, mtuite hapa mbele, tusimame kama alivyosimamishwa yule mama.

Kabla ya kuja hapa tulimwendea yeye, tukamwomba ruhusa ya kusema habari yake. Alitukubalia, tusitaje jina. Tukamweleza kalenda yote, milango na majaribio. Alisikiliza, akauliza kitu kimoja: kitabu cha kikundi chake kitakuwa kati ya vile vitatu vya kujaribia? Tukamjibu, ndiyo, cha kwanza. Akasema, basi, na yeye atakuja siku hiyo, amlete na mtoto wake anayejua kusoma kioo.

Toleo linatoka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Ndani yake kuna mambo matatu: risiti ya kotizasio kwa Kibembe, orodha ya msaada wa sanduku jekundu ikiwa peke yake mbali na mikopo, na njia rahisi ya kuhifadhi nakala kwenye flashi. Mikopo inapanda mwezi wa kwanza ikiwa imepona.

Tumemaliza. Mzee mwenyekiti, tunawaachia mkutano useme kama unakubali kungoja.